Barua ya wazi kwa wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa: vijana wetu wanachagua chuo peke yao

Kwenu wachungaji, mapadre, wazee wa kanisa, na ninyi nyote mnaosimamia vijana,

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoa salamu zote mbili kwa sababu jambo ninaloliandikia halina dhehebu.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na Jumapili nakaa kwenye viti vilevile mnavyovihubiria. Kwa hiyo nawaona vijana wetu pande zote mbili: kanisani wakiagwa, na darasani wakifika. Nitasema bila kuzunguka. Mnawasaidia, lakini mnafika mkiwa mmechelewa.

Ibada ya kuwaaga wanaokwenda chuo naipenda, na sitaki ifutwe. Wanaitwa mbele, wanawekewa mikono, wanapewa Biblia, wanaonywa kuhusu pombe, mapenzi na marafiki wabaya, kanisa zima linasema amina. Tatizo ni tarehe. Siku ile kozi imeshachaguliwa, chuo kimeshachaguliwa, fomu ya mkopo imeshatiwa sahihi, na chumba kimeshalipiwa. Maamuzi yote mazito yalifanyika mwaka mmoja au miwili nyuma. Kijana aliyafanya na nani? Na rafiki mwenye kifurushi cha intaneti, na mjomba aliyesema kozi fulani "ina hela", na tangazo la chuo lenye picha za wanafunzi wanaocheka. Sisi tulikuja mwishoni kubariki tusichokijua. Wengi wetu hata jina la kozi hatukuwahi kumwuliza.

Akithubutu kuja mapema, jibu analopewa mara nyingi ni moja: omba, Mungu atakuonyesha. Sina ugomvi na maombi. Ila udahili una siku ya mwisho, na nimekutana na vijana waliokaa wakisubiri ndoto au sauti mpaka dirisha la maombi likafungwa, wakaishia kuchukua kozi yoyote iliyobaki na nafasi. Wengine waliganda kwa hofu kwamba wakikosea kuchagua watakuwa wametoka nje ya mpango wa Mungu na hawatarudi tena. Hofu hiyo hawakuzaliwa nayo. Waliisikia kwetu.

Tazameni aya tunayoipenda kuwaandikia kwenye kadi, Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni aya nzuri. Lakini waliotumiwa barua ile walikuwa mateka Babeli, na aya inayoitangulia inawaambia miaka 70 itapita kabla ya kurudishwa kwao. Watu wazima waliosomewa walijua hawatauona mwisho wake. Na kabla ya ahadi hiyo, barua inawapa kazi: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani, oeni, mkautakie amani mji ule na kuuombea. Hakuna aliyeahidiwa kuonyeshwa ramani ya maisha yake. Kwa kijana anayekwenda mji asioujua, kusoma miongoni mwa watu asiowajua, aya ya 5 mpaka ya 7 zina msaada wa karibu zaidi kuliko ile ya kwenye kadi.

Mimi kijana akiniuliza mapenzi ya Mungu kwake ni kozi gani, namrudisha kwenye maswali ya kawaida kabisa. Somo gani unalisoma bila kusukumwa? Kazi gani ukiifanya watu hukushukuru, hata kama wewe unaiona ndogo? Matokeo yako yanakuruhusu kuomba wapi? Nani atalipa, na mpaka mwaka wa ngapi? Umewahi kukaa na mtu mmoja tu anayefanya kazi hiyo ukamwuliza siku yake inaanzaje na inaishaje? Swali hili la mwisho huwaacha wengi kimya. Kijana anaomba uuguzi na hajawahi kuongea na muuguzi, wakati muuguzi yupo, anaimba kwaya, viti vitatu kutoka alipokaa. "Pasipo mashauri makusudi hubatilika, bali kwa wingi wa washauri huthibitika," inasema Mithali 15:22. Washauri tunao, ila hatujawahi kuwaita kwa kazi hiyo.

Kuna na hili la kuzipanga kozi kwa utakatifu. Kijana akisema anakwenda kusomea theolojia, kanisa linashangilia. Akisema udaktari, wazazi wanashangilia. Akisema ufundi wa magari, watu wanamwuliza kama matokeo yalikuwa mabaya. Tunasahau kwamba katika Kutoka 31 Bezaleli anajazwa roho ya Mungu ili achonge mbao, akate vito na kufua dhahabu. Tunasahau pia kwamba Luka aliyetuandikia Injili anaitwa tabibu, na kwamba Paulo alishona mahema. Mafundisho haya mnayajua kuliko mimi. Ninachoomba ni yaonekane siku mnapomwuliza kijana anakwenda kusoma nini, hasa kwenye uso wako, mchungaji, kijana anapotaja chuo cha ufundi.

Johannes Kepler, mwanasayansi maarufu wa nyota na sayari, alikwenda Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, akiwa na nia ya kuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1594, kabla hajamaliza theolojia, nafasi ya mwalimu wa hisabati ikatokea Graz, naye akapelekwa huko, akaenda kwa shingo upande. Mwaka uliofuata alimwandikia mwalimu wake Michael Mästlin kwamba alitaka kuwa mwanatheolojia na kwa muda mrefu hakuwa na utulivu moyoni, lakini sasa anaona jinsi Mungu anavyotukuzwa kupitia kazi yake ya elimu ya nyota na sayari. Mwaka 1609 alichapisha kanuni zake mbili za kwanza za mwendo wa sayari. Nawaza: kama angekuwa kijana wa kwetu, tungemwombea arudi kwenye wito wake.

Sasa fedha, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo vijana wetu wanapoumia zaidi na ndipo kanisa lilipo kimya zaidi. Kuhusu sadaka tunahubiri mwaka mzima. Kuhusu mkataba wa mkopo ambao mshirika wa miaka 18 anautia sahihi, na ambao atautumikia mpaka awe na watoto, hatusemi neno.

Barua ya chuo inapokuja na mistari ya fedha, kijana hujumlisha yote na kusema "nimepewa". Mle ndani kuna ruzuku, ambayo hairudishwi. Kuna ufadhili, ambao mara nyingi una masharti ya alama, na alama zikishuka unaondolewa. Kuna kazi ya muda, ambayo ni fedha utakayoitolea jasho usiku huku wenzako wakisoma. Na kuna mkopo. Yule anayeona jumla moja chini ya ukurasa hajui kwamba nusu yake ni deni. Anatakiwa aulizwe na mtu mzima: riba inaanza kuhesabiwa lini, siku ya kupokea fedha au baada ya kuhitimu? Riba isiyolipwa inaongezwa juu ya deni na yenyewe kuzaa riba? Ukiacha masomo katikati, wanaanza kukudai lini? Nani kasimama mdhamini, na yeye anajua kilichoandikwa? Hesabu si ngumu. Kila 100 iliyokopwa kwa riba ya asilimia 8 inayorundikana kila mwaka, isipoguswa kwa miaka 4 inakuwa 136. Mtoto wetu anaanza kazi akiwa ameshadaiwa zaidi ya theluthi moja juu ya alichokopa, kabla hajalipa hata senti.

Sisemi asikope. Wapo wengi ambao bila mkopo wasingesoma, na kozi nyingine zinalipa deni lake vizuri. Nasema kwamba Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akauliza ni nani asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, na sisi tunao wahasibu kanisani ambao tunawatumia kuhesabu sadaka tu. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Kijana anayesema ameitwa kwenda kufundisha watoto wa vijijini au kufanya kazi ya misheni, halafu anachukua deni la kozi ghali kwenye chuo ghali, ameshamweka mkopeshaji kati yake na wito wake. Mshahara wa kazi anayoitamani hautatosha marejesho. Ataambiwa lini? Ni heri aambiwe na mzee wa kanisa anayempenda kabla ya sahihi, kuliko na barua ya benki.

Tukiwa hapo hapo kwenye fedha, niwaguse ninyi wenyewe kidogo. Baadhi yenu mnawapeleka vijana kwenye vyuo vya dhehebu lenu kwa kuwa ni vya dhehebu lenu. Vyuo vya Kikristo vipo vilivyo bora sana, ambako mwalimu wa baiolojia anaweza kuomba na mwanafunzi wake bila kuangalia nyuma. Lakini neno "Kikristo" kwenye bango halimwambii kijana kama chuo kina ithibati, yaani kibali rasmi cha ubora wake, kama shahada yake itatambuliwa akienda kuomba kazi au kusoma zaidi, wala kama bodi ya taaluma ya wauguzi, walimu, wahandisi au mawakili itamsajili. Ithibati ya chuo na kutambuliwa kwa kozi ni vitu viwili, na vyote viulizwe kwa mamlaka inayovitoa, si kwa karani wa udahili. Vyuo vingine humtaka mwanafunzi atie sahihi tamko la imani au kanuni za mwenendo. Asome kwanza, asije akaapa asichokiamini ili apate kitanda. Nimeona mtu amesoma miaka yake yote kwa bidii kwenye chuo alichoelekezwa na kiongozi wake, akatoka na karatasi isiyofungua mlango wowote. Yule kiongozi alikuwa na nia njema. Hakuuliza tu.

Na historia ya chuo nayo haimlindi mtu. Harvard, chuo kikuu cha Marekani, kilianzishwa mwaka 1636 na Wakristo Wapuritani waliohofia kuachiwa makanisa yenye wachungaji wasiosoma. Leo mwanafunzi anaweza kumaliza hapo bila kugusa Biblia, na vilevile anaweza kukutana hapo na Wakristo wa kina kuliko aliowaacha nyumbani. Swali la maana kwa kila chuo, kiwe cha serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi, ni nani atakuwa karibu na kijana huyu wiki ya tatu, usiku, anapokuwa ameshindwa jaribio la kwanza na hana mtu wa kumpigia.

Hilo linanileta kwenye hofu yenu kubwa, kwamba chuo kitakula imani ya kijana. Mnamwogopa mhadhiri asiyeamini. Kwa ninavyoona mimi, mhadhiri huyo ana lawama ndogo kuliko anayopewa. Imani ya wengi hupoa kwa njia ya kawaida mno: Jumapili ya kwanza hajui kanisa liko wapi, ya pili amelala, ya tatu ana kazi ya kukabidhi Jumatatu, na kufika muhula wa pili anaona aibu kurudi mahali ambapo hakuna anayemjua. Hakukuwa na mjadala wowote wa falsafa.

Katikati ya karne ya nne vijana wawili Wakristo, Basili na Gregori wa Nazianzo, walisoma Athene, mji uliojaa mahekalu na walimu wapagani. Gregori alikuja kueleza baadaye kwamba wakiwa kule walijua njia mbili tu: moja ya kwenda kanisani na kwa walimu wake, nyingine ya kwenda kwa walimu wa elimu ya dunia. Waliishi kama ndugu, wakabebana. Mwaka 355 alifika Athene mwanafunzi mwingine, Julian, aliyelelewa Mkristo na aliyewahi kuwa msomaji wa Maandiko kanisani. Huyu akaja kuwa mfalme wa Roma mwaka 361, akatangaza wazi kurudi kwa miungu, na mwaka 362 akatoa amri ya kuwabana Wakristo waliokuwa wakifundisha maandishi ya kale ya Kigiriki. Mji ule ule uliwapokea wote watatu. Ukichunguza, moyo wa Julian ulikuwa umeshahama kabla hajafika Athene, na waliomlea kanisani hawakujua. Alikuwa na kidonda: mwaka 337, akiwa mtoto mdogo, baba yake na ndugu zake kadhaa waliuawa, na yeye alimlaumu Konstantio, mfalme Mkristo.

Namtaja Julian kwa sababu wengi mnaosema "walipotelea chuoni" walikuwa wameshapotea wakiwa bado wanapiga kinanda kwenu. Waliuliza kuhusu umri wa dunia wakaambiwa wasihoji. Waliuliza kwa nini kiongozi fulani alifanya alichofanya na bado yuko madhabahuni, wakanyamazishwa. Wakajifunza kwamba kanisani maswali hayatakiwi, wakayafunga, wakaondoka nayo. Chuo kiliwapa mahali pa kuyafungua. Kwa hiyo wapeni muda wa maswali wakiwa bado kwenu, na asiwajibu mchungaji peke yake. Aitwe daktari, mwalimu wa fizikia, mwanasheria, watu wanaoamini na ambao wamelala na maswali hayo hayo. Na swali lisilo na jibu liachwe bila jibu. Vijana hawatakimbia kwa kusikia "hata mimi bado nalitafakari".

Danieli na wenzake watatu tunawahubiri sana kwa chakula walichokikataa. Hatusemi vya kutosha kuhusu walichokikubali. Walikubali kufundishwa miaka mitatu elimu ya Wakaldayo na lugha yao, walikubali kuitwa kwa majina ya Kibabeli, na Danieli 1:17 inasema ni Mungu aliyewapa maarifa na ujuzi katika elimu hiyo. Walijua mpaka wao uko wapi kabla ya kufika mezani, na walikuwa wanne. Kijana akijua la kukataa tu, bila kujua la kupokea, atamaliza miaka yake ya chuo akijilinda na hatajifunza kitu.

Jambo moja dogo mnaloweza kulifanya wiki hii ni barua. Apolo alipotaka kwenda Akaya, Matendo 18:27 inasema ndugu waliwaandikia wanafunzi wa huko wamkaribishe. Paulo alimtambulisha Fibi kwa Warumi kwa namna hiyo hiyo. Sisi tunazo barua za utambulisho, lakini tunamkabidhi kijana mwenyewe, naye anaikunja ndani ya Biblia na huko inabaki. Mwandikieni moja kwa moja mchungaji au padre wa mji anaokwenda, mpigieni simu, mwambieni anaimba sauti gani, amewahi kufundisha watoto, hana ndugu mji huo. Mwombeni familia moja imwalike chakula mwezi wa kwanza. Kisha mwulizeni baada ya wiki tatu kama alifika.

Wala msitosheke kusikia kwamba amejiunga na ushirika wa wanafunzi. Nawapenda hawa. Tangu wanafunzi Wakristo wa Cambridge, Uingereza, walipounda umoja wao mwaka 1877, vikundi vinavyoendeshwa na wanafunzi wenyewe vimelea viongozi wengi wa makanisa yetu. Lakini ushirika wa chuo una watu wa rika moja, hauna wazee, hauna watoto, hauna mazishi. Aliyekulia humo tu akihitimu anajikuta hana kanisa, na kanisa la kawaida linamwonekea limepoa. Awe na vyote viwili.

Kuhusu wasiokwenda chuo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni barua nyingine. Siku ya kuwaaga wenzao wanakaa nyuma. Aliyekosa alama, aliyeamua kufanya kazi mwaka mmoja kwanza ili apate ada, aliyebaki kumtunza mzazi: waiteni mbele pamoja na wengine, waulizeni mipango yao kwa uzito ule ule.

Ninachoomba kiingie kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho cha wazee ni hiki. Kila kijana anayeingia miaka miwili ya mwisho ya sekondari apewe mtu mzima mmoja wa kanisani, asiye mzazi wake, wa kukaa naye kila muhula: wasome fomu pamoja, wapige hesabu pamoja, wamtafute mtu wa taaluma anayoitaka. Haihitaji bajeti wala idara mpya. Inahitaji orodha ya washirika na kazi wanazozifanya, orodha ambayo makanisa mengi hayana, na mtu wa kuifuatilia. Fomu za udahili hazisubiri msimu wa semina ya vijana, hivyo anzeni na hao wanaozijaza sasa. Ibada ya kuwaaga iacheni pale pale ilipo kwenye kalenda, ila siku hiyo yule mtu mzima asimame pembeni ya kijana na aliambie kanisa amechagua nini na kwa nini.

Wenu katika Kristo,
Mshirika na mwalimu wa chuo